Kodi ya mshahara ikipunguzwa, nyumbani kinaingia nini? Maswali ninayoulizwa kila bajeti ikisomwa

Kila Juni, Waziri wa Fedha akishamaliza kusoma bajeti kule Dodoma, simu yangu hailali. Nimeandaa mishahara katika ofisi za Dar es Salaam kwa miaka mingi, na majirani zangu wa Tabata wanalijua hilo. Ndugu wanapiga, vijana wa mtaani wananisimamisha kituoni, mama mmoja ninayesali naye hunisubiri mlangoni na karatasi yake ya mshahara imekunjwa ndani ya pochi. Wote wanauliza jambo moja: wametangaza kodi imepungua, mbona sioni?

Nimeandika hapa majibu ninayowapa. Hesabu zote ni za Tanzania Bara na zinafuata viwango vilivyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2021, isipokuwa pale ninapozungumzia miaka ya nyuma. Sheria ya Fedha hutungwa kila mwaka, kwa hiyo ukisoma haya baada ya bajeti mpya, linganisha kwanza viwango na vile vinavyotolewa na TRA, yaani Mamlaka ya Mapato.

PAYE ni nini hasa, na inakatwaje?

Ni kodi ya mapato ya ajira. Mwajiri anaikata kabla pesa haijakufikia, kisha anatakiwa kuiwasilisha TRA ndani ya siku saba baada ya mwezi kwisha. Wewe unaikuta kwenye karatasi ya mshahara, imeshaondoka.

Haikatwi kwenye mshahara mzima. Kwanza unatolewa mchango wako wa hifadhi ya jamii, na kinachobaki ndicho kinachotozwa. Kinachobaki hicho kinagawanywa vipande:

Shilingi 270,000 za kwanza kwa mwezi: hazitozwi kitu.
Kuanzia 270,000 hadi 520,000: asilimia 8.
Kuanzia 520,000 hadi 760,000: asilimia 20.
Kuanzia 760,000 hadi 1,000,000: asilimia 25.
Inayozidi 1,000,000: asilimia 30.

Kila kipande kinatozwa kwa kiwango chake peke yake. Ukilishika hilo, majibu mengi yanayofuata utayapata mwenyewe kabla sijakwambia.

Mwaka 2021 walisema kodi imeshuka kutoka asilimia 9 hadi 8. Kwa nini mimi niliongezewa buku mbili jero tu?

Kwa sababu hicho ndicho kiwango cha juu kabisa ambacho mtu yeyote nchini aliweza kupata kwa punguzo lile.

Rais Samia alilitangaza Mei Mosi jijini Mwanza na watu wakapiga makofi, na mimi nilipiga. Lakini kilichoshuka ni kiwango cha kipande kimoja tu, kile cha 270,000 hadi 520,000. Kipande hicho kina upana wa shilingi 250,000. Asilimia moja ya 250,000 ni 2,500. Vipande vya juu yake, vya 20, 25 na 30, havikuguswa.

Sasa tazama nani alipata nini. Mhudumu wa ofisi ambaye mapato yake yanayotozwa ni 300,000 alipata nafuu ya shilingi 300 kwa mwezi. Mwenye 400,000 alipata 1,300. Mwenye 520,000 alipata 2,500. Mkurugenzi wa shilingi milioni 10 naye alipata 2,500 ile ile, kwa kuwa naye anapita kwenye kipande hicho akielekea juu. Na yule wa 250,000 hakupata kitu, maana hakuwa akilipa kodi hii tangu mwanzo.

Ukigawa 2,500 kwa siku 30, ni shilingi 83 kwa siku. Sisemi hivyo kuidharau. Kwa nyumba inayonunua mafuta ya kula kwa kupimiwa, hiyo ni pesa. Ninachotaka ni kwamba mtu akisikia "asilimia moja" asidhani ni asilimia moja ya mshahara wake. Ni asilimia moja ya kipande.

Hali ilikuwa hiyo hiyo mwaka 2016, kodi ya kipande cha chini ilipotoka asilimia 11 hadi 9 baada ya wafanyakazi kudai kwa muda mrefu ifike tarakimu moja. Kipande cha wakati ule kilianzia 170,000 hadi 360,000, upana wa 190,000. Asilimia mbili ya hapo ni 3,800 kwa mwezi, na hakuna aliyeweza kupata zaidi.

Kwa hiyo hakujawahi kuwa na punguzo la kueleweka?

Lilikuwepo, na cha ajabu halikushangiliwa sana. Ni lile la Julai 2020.

Mwaka huo asilimia hazikuguswa hata moja. Kilichofanyika ni kusogeza mipaka ya vipande. Kiwango kisichotozwa kilitoka 170,000 hadi 270,000. Kipande cha pili, kilichokuwa kinaishia 360,000, kikasogezwa hadi 520,000. Kiwango cha asilimia 30, ambacho zamani kilimkuta mtu akivuka 720,000, kikaanzia 1,000,000.

Nilikaa na karatasi na kalamu usiku ule nikapiga hesabu mara mbili, maana sikuamini. Mapato yanayotozwa yakiwa 270,000, kodi ilitoka 9,000 hadi sifuri. Yakiwa 500,000, kodi ilishuka kutoka 45,100 hadi 20,700. Nafuu ya 24,400 kila mwezi. Yakiwa 720,000, kodi ilitoka 98,100 hadi 62,500. Nafuu ya 35,600. Yakiwa 1,000,000, ilitoka 182,100 hadi 130,500. Nafuu ya 51,600. Kuanzia hapo nafuu iligota. Mwenye milioni 3 na mwenye milioni 10 wote walipata 51,600.

Ukipima nafuu hiyo kwa ukubwa wa kipato, utaona umbo lake. Wa 270,000 aliongezewa kama asilimia 3.3 ya mapato yake. Wa 500,000 asilimia 4.9. Wa milioni moja asilimia 5.2. Wa milioni 3 asilimia 1.7 tu. Yaani walionufaika kuliko wote ni watu wa katikati: walimu, manesi, wahasibu wadogo, mafundi mitambo, watu wa Kimara na Mbezi wanaojenga chumba kimoja kimoja.

Tangu hapo, nikisikia punguzo, swali langu la kwanza ni: wamegusa asilimia, au wamesogeza mpaka?

Mimi ni mlinzi, napata chini ya 270,000. Punguzo linanihusu?

Moja kwa moja, hapana. Hulipi PAYE, kwa hiyo hakuna cha kukupunguzia. Kati ya mapunguzo niliyoyataja, yaliyoweza kukufikia wewe ni la 2016 na la 2020, kama ulikuwa kati ya 170,000 na 270,000.

Lakini usikubali mtu akuambie hulipi kodi. Ukinunua sabuni ya unga, vocha au soda, kuna kodi ndani ya bei. Kodi ya Ongezeko la Thamani Bara ni asilimia 18, na kwenye muda wa maongezi kuna ushuru wa bidhaa juu yake. Kodi hizo hazikuulizi mshahara wako. Mlinzi wa getini na mwenye nyumba anayelindwa wakinunua mche mmoja wa sabuni, wanalipa sawa, ila kwa mlinzi hiyo ni sehemu kubwa zaidi ya alichonacho. Kwa nyumba kama yako, bajeti isome kuanzia kurasa za ushuru wa bidhaa na mafuta.

Mimi nauza chakula Buguruni, sijaajiriwa. Hii habari inanihusu nini?

Wewe uko kwenye utaratibu mwingine, wa kodi ya wafanyabiashara wadogo kwa kufuata mauzo ya mwaka. Mauzo yasipozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka, hakuna kodi ya mapato. Yakiwa kati ya milioni 4 na milioni 7, asiyetunza kumbukumbu analipa 100,000 kwa mwaka, na anayetunza analipa asilimia 3 ya kinachozidi milioni 4. Mama mwenye mauzo ya milioni 6 na daftari lake atalipa 60,000. Asiye na daftari, 100,000. Nawasihi sana mama zangu: andikeni mauzo. Daftari la counter book linawaokolea shilingi 40,000.

PAYE inakufikia kwa mlango wa nyuma. Wateja wako wa saa saba mchana ni watu wa karatasi za mshahara. Karani akiongezewa 24,400, sehemu yake inaweza kuishia kwenye sahani yako. Akiongezewa 1,300, sidhani kama utamwona akiongeza kipande cha samaki.

Bajeti ya 2021 ilipunguza PAYE na papo hapo ikaleta tozo za miamala. Nani alibaki na faida?

Hili swali naliheshimu, kwa sababu aliyeuliza ametazama mifuko yote miwili.

Tozo hizo za kutuma na kutoa pesa kwa simu zilianza Julai 2021, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala kufuatana na kiasi, juu ya ada za kawaida za kampuni za simu. Watu walilalamika nchi nzima. Septemba mwaka huo zikapunguzwa kwa asilimia 30, na baadaye zikapunguzwa tena. Bajeti ile ile iliongeza shilingi 100 kwenye kila lita ya mafuta, na ikaanzisha kodi ya majengo kukatwa kupitia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Mwaka 2023 hiyo ya majengo ikapanda hadi 1,500.

Chukua nyumba ya mwalimu Mbagala, mwenye nafuu yote ya 2,500. LUKU ikachukua 1,000. Ikabaki 1,500. Mwalimu huyo anamtumia mama yake pesa Iringa kila mwezi, anapokea mchango wa harusi, anatoa pesa kwa wakala ili alipe ada ya mtoto. Kwenye miamala hiyo michache 1,500 iliisha. Na daladala na lori la mchele vinatumia mafuta.

Nyumba ya Oysterbay ilipata 2,500 hiyo hiyo na ikakutana na tozo hizo hizo, lakini huko mizani haikutikisika. Nyumba ya mlinzi haikupata nafuu yoyote ya PAYE na ikakutana na tozo zote. Kwa hesabu yangu, watu wa chini walitoka wamepungukiwa, wa kati wakatoka sare au na upungufu kidogo, na wa juu hawakuhisi jambo. Ndiyo maana sipendi kodi moja ijadiliwe peke yake.

Na kuhusu ile ya LUKU: ni kodi ya mwenye nyumba. Mpangaji anayenunua umeme anaitanguliza tu. Kaa na mwenye nyumba wako mwelewane ikatwe kwenye pango. Wengi wanaona aibu kuuliza, lakini 1,500 kwa mwezi ni 18,000 kwa mwaka.

Nikipandishwa mshahara nikavuka mpaka, si kodi itakula nyongeza yote?

Hapana. Namjua kijana aliyekataa nyongeza kwa woga huu, na hadi leo naumia nikikumbuka.

Mapato yako yanayotozwa yakiwa 760,000, kodi ni 68,000. Yakipanda hadi 770,000, ni hizo 10,000 za juu tu zinazotozwa asilimia 25. Kodi inakuwa 70,500. Umelipa 2,500 zaidi, umebaki na 7,500 zaidi. Zile za chini zinaendelea kutozwa kama zamani.

Sisi ni mke na mume, kila mmoja anapata 500,000. Jirani anapata milioni moja peke yake, mkewe yuko nyumbani. Kodi zetu ni sawa?

Si sawa hata kidogo. PAYE inamtazama mtu kwenye ajira yake, haitazami nyumba.

Tuseme wote wanachangia NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 10. Kila mmoja wenu anabaki na 450,000 zinazotozwa, kodi yake ni 14,400. Nyumba nzima mnalipa 28,800. Jirani anabaki na 900,000, kodi yake ni 103,000. Nyumba mbili zenye milioni moja kila moja, na tofauti ya 74,200 kwa mwezi.

Lakini msimcheke jirani, wala msijione mmebahatika sana. Nyinyi mna nauli mbili, chakula cha mchana mara mbili, na dada wa kazi wa kulipwa. Mke wa jirani anafanya kazi hiyo ya nyumbani bila malipo. Ninalisema kwa sababu punguzo likitangazwa watu hulinganisha mtu na mtu. Wanaokula ni nyumba. Mshahara wa laki nane wa kijana aliyepanga Sinza peke yake na laki nane za mama mwenye wanafunzi wanne na mkwe mgonjwa unatozwa sawasawa, kwa sababu PAYE haihesabu watoto wala wategemezi.

Je, wakipunguza ile asilimia 30 ya juu, sote tutanufaika?

Hapana. Wananufaika wale tu ambao mapato yao yanayotozwa yanazidi milioni moja. Tuseme imeshushwa hadi 25. Mwenye 1,080,000 angepata 4,000. Mwenye milioni 2.7 angepata 85,000. Mwenye milioni 10 angepata 450,000 kila mwezi, zaidi ya mshahara mzima wa mhudumu wake. Wa laki tisa asingepata hata senti.

Wanaolitetea wana hoja zao: wataalamu watabaki nchini, watawekeza, wataajiri. Mwenye 450,000 za ziada anaweza kununua kiwanja Kigamboni au vipande vya UTT, mfuko wa uwekezaji wa pamoja, na hilo si baya. Ila mwenye 24,400 za ziada anazimaliza gengeni, kwa fundi cherehani na kwa muuza mkaa wiki hiyo hiyo, mtaani kwake. Mimi nikipewa kuchagua, naujua upande wangu.

Mwajiri wangu alinipa "mshahara wa mkononi" wa 600,000. Punguzo likija, nani analipata?

Mwajiri wako.

Mkataba wa mkononi maana yake yeye ameahidi utapokea 600,000 kamili, na makato yote anayabeba juu. Kodi ikishuka, mzigo wake ndio unaopungua. Wewe unaendelea na 600,000. Nimeona haya kwa madereva wa nyumbani, walimu wa shule binafsi na wapishi wa hoteli. Mwaka 2020 nilikuwa ofisi fulani yenye mikataba ya namna hii. Nafuu ya wafanyakazi zaidi ya thelathini ilirudi kwenye akaunti ya ofisi, na hakuna aliyeambiwa. Nilitayarisha zile karatasi kwa mikono yangu, na nilipouliza nikaambiwa mkataba ni mkataba. Kisheria walikuwa sahihi. Kwa hiyo ukiwa kwenye mazungumzo ya kazi mpya, ng'ang'ania mshahara uandikwe kabla ya makato.

Mbona makato yangu ni makubwa kuliko hiyo kodi unayoisema?

Kwa sababu PAYE ni mmoja tu kwenye msururu. Mshahara wa 800,000 kwenye kampuni binafsi: NSSF 80,000. Zinabaki 720,000, na PAYE yake ni 60,000. Unabaki na 660,000. Kama ulisoma kwa mkopo wa elimu ya juu, Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani 120,000 ikiwa hizo 800,000 zote ni za msingi. Sasa una 540,000. Mkopo ni mara mbili ya kodi! Na makato ya mkopo hayapunguzi mapato yanayotozwa. Unalipa kodi kwanza kana kwamba pesa hiyo unaitumia wewe.

Mei Mosi ile ile ya 2021 lilitangazwa jambo ambalo kwa wahitimu lilikuwa kubwa kuliko punguzo la PAYE: kufutwa kwa tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya mkopo. Mwenye deni la milioni 10 alikuwa akiongezewa kama 600,000 kwa mwaka. Nafuu yake ya PAYE ilikuwa 30,000 kwa mwaka. Magazeti yalitanguliza PAYE.

SDL nayo imepunguzwa mara kadhaa. Hiyo inaingia wapi kwetu?

Tozo ya kuendeleza ujuzi inalipwa na mwajiri, haikatwi kwako. Ilikuwa asilimia 6, ikashuka hatua kwa hatua hadi 3.5 mwaka 2023. Inamsaidia mwajiri kuajiri kwa gharama ndogo zaidi. Kwenye karatasi yako haitaonekana.

Kima cha chini serikalini kimepanda kutoka 370,000 hadi 500,000. Nyongeza yote ilifika nyumbani?

Nyingi yake, lakini si yote, na hapa kuna jambo ambalo halitangazwi popote.

Kwa mshahara wa 370,000, baada ya mchango wa asilimia 5 wa PSSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma, PAYE ilikuwa 6,520. Kwa 500,000, ulioanza Julai 2025, PAYE ni 16,400. Mshahara umepanda kwa kama theluthi moja. Kodi imekuwa mara mbili na nusu. Hakuna aliyepandisha kodi. Mishahara imepanda, mipaka imesimama pale pale.

Ule mpaka wa 270,000 uliwekwa 2020. Bei zimekuwa zikipanda kwa asilimia 3 hadi 4 na kidogo kila mwaka kwa takwimu rasmi. Laki mbili na sabini ya leo hainunui vitu vilevile vya 2020, lakini inaanza kutozwa pale pale. Mipaka ikikaa miaka mingi bila kusogezwa, kodi inapanda polepole bila Bunge kupiga kura, na wanaoanza kuihisi ni wale waliovuka mstari wa chini juzi tu.

Serikali ikipunguza kodi, huduma hazitapungua?

Zinaweza, na anayeuliza hivi anaangalia mbali. Elimu bila ada hadi kidato cha nne ilianza Januari 2016, na kidato cha tano na sita wakaingizwa 2022. Nyumba ya Gongo la Mboto yenye wanafunzi watatu wa sekondari za serikali inapata hapo zaidi ya punguzo lolote la PAYE nililolieleza hapa juu. Zahanati ikikosa dawa, 2,500 haifiki hata nauli ya kwenda kutafuta duka la dawa na kurudi.

Kwa hiyo mimi si mtu wa kusema kodi ishuke tu. Swali langu ni ishuke kwa nani, na pengo lizibwe na nani. Pengo la PAYE likizibwa na ushuru wa mafuta au miamala, mzigo umetoka kwa mwenye mshahara ukahamia kwa asiye na mshahara.

Ungekuwa wewe ungependekeza nini?

Kusogeza mpaka wa chini, na kuusogeza mara kwa mara bei zinapopanda. Tuseme 270,000 iwe 370,000 na vingine vyote vibaki. Kila mwenye kuzidi 370,000 angepata 8,000 kwa mwezi. Mwenye mapato yanayotozwa ya 360,000 angeacha kulipa kabisa zile 7,200 zake. Kwa wa 450,000, kodi ingetoka 14,400 hadi 6,400. Wa milioni 10 naye angepata 8,000, sawa na mwalimu, na hilo halinisumbui. Viongozi wetu wa vyama vya wafanyakazi wanapopanda jukwaani Mei Mosi, natamani wadai mpaka kabla ya kudai asilimia.

Nina kazi mbili. Nafuu inahesabiwa mara mbili?

Hapana. Vipande vinatumika kwenye ajira yako kuu. Ajira ya pili inakatwa asilimia 30 kuanzia shilingi ya kwanza.

Punguzo jipya likitangazwa, nitajuaje kama nimelipata?

Chukua karatasi ya mshahara ya Juni na ya Julai, uziweke pamoja mezani. Tafuta mstari wa mapato yanayotozwa kodi; kama mshahara na posho hazijabadilika, unatakiwa kuwa sawa kwenye karatasi zote mbili. Kisha tazama mstari wa PAYE. Piga hesabu mwenyewe kwa vile vipande vitano, kwa simu yako tu. Namba zikikataa kulingana, nenda kwa mhasibu kwa heshima: "Samahani kaka, naomba unionyeshe hapa mmefikaje." Mara nyingi ni programu ya mishahara ambayo haijabadilishiwa viwango, na mwezi unaofuata hurekebishwa. Asipokuwa na jibu, peleka karatasi hizo mbili ofisi ya TRA ya mkoa wako wa kodi, ukiwa na TIN yako, yaani namba ya mlipakodi. Usizitupe hata baada ya kurekebishiwa.